Vipuri vya redio vyadoda Bukoba, taa za dagaa zashika soko Muleba

BUKOBA: Biashara ya kuuza vipuri vya elektroniki kwa kipande kimoja kimoja, iliyokuwa ikiwapatia riziki wauza spea wa mjini Bukoba na kuwahudumia mafundi redio hadi Kamachumu na Muleba mjini, imepungua kiasi kwamba mwenye duka anayetegemea rezista na transista peke yake ni vigumu kumaliza mwaka. Pale kwenye kaunta ambapo zamani fundi aliweka transista iliyoungua na kuomba inayofanana nayo, sasa zinaning'inia chaja za simu, kava, rimoti na spika ndogo za Bluetooth. Mwenye droo za rezista bado anazo, ila haagizi nyingine.

Ajabu ya anguko hili ni kwamba limekuja wakati bei ya mali yenyewe ikishuka. Rezista, dayodi na kapasita zinazotoka China ni rahisi kuliko zilivyopata kuwa wakati wowote. Kwa mlaji hiyo ni heri. Kwa muuzaji ni balaa, maana kodi ya fremu, leseni na mshahara wa kijana wa kaunta havikushuka pamoja nazo.

Ichukuliwe hesabu ya mfano. Duka lina aina 600 za vipuri, kila aina vipande 50, na kila kipande kimenunuliwa kwa wastani wa sh. 100. Hapo zimelala sh. milioni 3. Wakija wateja 15 kwa siku, kila mmoja akanunua vya sh. 1,000, kwa siku 26 za kazi mauzo ni sh. 390,000. Hata kama nusu yake ni faida, yaani sh. 195,000, bado haijalipwa kodi ya fremu wala umeme. Kwa mwendo huo mtaji utachukua miezi 15 na ushei kuzunguka mara moja. Mtaji huo huo ukiwekwa kwenye chaja na kava, ukazunguka mara moja kwa mwezi kwa faida ya asilimia 20 tu, unaleta sh. 600,000. Mfanyabiashara hahitaji kwenda chuo kuona ipi ni ipi.

Na hizo aina 600 ni chache. Fundi akikosa thamani anayoitaka mara mbili, mara ya tatu haji. Duka la vipuri hulazimika kuwa na kila kitu ili liuze kidogo, na humo ndimo mtaji unapofia.

ENZI ZA KAHAWA

Haikuwa hivyo siku zote. Katika miaka ya 1970 redio nyingi zilizokuwa nyumbani kwa wakulima zilitoka viwanda vya nchini: kiwanda cha Matsushita cha Dar es Salaam kilitoa redio na betri za National, na kile cha Philips cha Arusha kiliunganisha za kwake. Mali ilisambazwa mikoani kupitia kampuni za biashara za mikoa, zile RTC. Redio ilikuwa mali ya msimu: mkulima alinunua au kutengeneza ya zamani alipolipwa kahawa, na malipo ya pili ya chama cha ushirika yakichelewa, fundi naye alichelewa.

Upungufu wa fedha za kigeni baada ya vita vya Kagera vya 1978 na 1979 ndio uliompa fundi heshima. Redio mpya haikupatikana, hivyo ya zamani ilitengenezwa hata mara tano. Vipuri vilikuja kwa njia zote, pamoja na zile ambazo operesheni ya mwaka 1983 dhidi ya walanguzi na wahujumu uchumi ilikuwa ikizisaka. Serikali iliporuhusu mwaka 1984 watu wenye fedha zao za kigeni kuingiza bidhaa, maduka ya spea yalipata pumzi.

Msimu wa 1994/95 ulikuwa mtamu zaidi. Bei ya kahawa, ambayo ilikuwa imeanguka tangu mfumo wa kimataifa wa mgawo uvunjike Julai 1989, ilipanda ghafla baada ya baridi kali kuharibu mibuni ya Brazil mwaka 1994. Mwaka huo huo televisheni ilianza Tanzania Bara kupitia kampuni binafsi, na kadiri ilivyosambaa mikoani ilileta mteja mpya kaunta. Televisheni za wakati ule, zenye kioo kinene na mgongo mrefu, zilikuwa rafiki wa muuza spea. Umeme ukipanda na kushuka, transista kubwa aina ya BU508 iliungua, au transfoma ya flaibaki ikatoboka, na zote mbili zilikuwa na bei ya maana. Muuzaji aliyekuwa na BU508 kumi hakuwa na wasiwasi wa kodi.

Mwaka 1996 uliwagusa wafanyabiashara wa Kagera kwa namna nyingine. Kuzama kwa MV Bukoba tarehe 21 Mei kuliua mamia ya abiria katika njia ile ile ya Bukoba na Mwanza ambayo wauzaji wa kila aina walipitisha mizigo yao. Biashara ilirudi baadaye. Wenyewe wengi hawakurudi.

TONE JEUSI

Kilichoua kaunta ya vipuri kwa hakika kimo ndani ya mashine zenyewe. Ukifungua redio ya zamani ya National unaona kila kipuri kimesimama kwa miguu yake, kina rangi au namba yake, na fundi mwenye pasi ya kuchomelea anaweza kukitoa na kuweka kingine. Ukifungua redio ndogo ya leo unakuta bodi ya ukubwa wa kiganja na katikati tone jeusi la gundi. Chini ya tone hilo ndimo ilimo karibu redio nzima. Haina namba, haina miguu, na hakuna duka duniani linalouza tone.

Kwenye simu na televisheni bapa vipuri vimegandishwa juu ya bodi bila miguu, vingine vidogo kuliko punje ya mchele. Kuvitoa kunahitaji mashine ya kupuliza hewa ya moto, miwani ya kukuzia na mkono usiotetemeka. Fundi wa Muleba mwenye vifaa hivyo hanunui kipuri kipya. Anang'oa kutoka bodi mbovu. Mzigo wa bodi zilizokufa umekuwa ndio duka lake la spea, na haulipiwi kodi ya fremu.

Pale ambapo bado kuna cha kununua, kinanunuliwa kizima: bodi ya kuongozea umeme, mkanda wa taa za nyuma ya kioo, kioo cha simu, adapta ya king'amuzi. Kuhamia matangazo ya digitali, kulikoanza Dar es Salaam tarehe 31 Desemba 2012 na kufuata mikoani, kuliongeza soko la adapta na rimoti huku televisheni za kioo kinene zikielekea stoo. Zilipokwenda, zilikwenda na BU508.

Kuna pia suala la mali feki. Transista hufutwa namba na kuandikwa nyingine yenye bei kubwa. Kwa macho huwezi kuitambua, na fundi hugundua inapotoa moshi ndani ya mashine ya mteja. Kesi huja kwa muuzaji, ambaye naye aliletewa hivyo hivyo. Wengi wameacha kuuza transista za nguvu kwa sababu hiyo peke yake.

Wakazi wa Kagera wasijione wanyonge. Marekani, kampuni ya RadioShack iliyoanza mwaka 1921 na kukuza vizazi vya wapenzi wa elektroniki iliomba kinga ya ufilisi Februari 2015. Uingereza, Maplin iliyokuwa na maduka zaidi ya 200 ilianguka Februari 2018, na ndani ya miezi michache yote yakafungwa. Nako droo za vipuri zilikuwa zimeshasogezwa nyuma kupisha simu na vikorokoro.

MUTUKULA AU MWANZA

Fundi mwenye haja ya kipuri adimu ana njia mbili. Ya kwanza ni Kampala kupitia Mutukula, mpaka ulio karibu kilomita 80 kutoka Bukoba, ambao tangu Novemba 2017 una kituo rasmi cha pamoja cha forodha. Hapa wengi hukosea hesabu. Utaratibu wa cheti rahisi cha uasili wa bidhaa kwa mizigo isiyozidi dola 2,000 unahusu bidhaa zilizozalishwa ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki. Kapasita iliyotengenezwa China haigeuki kuwa ya Uganda kwa kununuliwa Kampala, na mwenye mzigo atadaiwa ushuru wake.

Njia ya pili ni Mwanza, na hii ndiyo iliyommaliza mwenye stoo. Huduma ya M-Pesa ilipoingia nchini mwaka 2008 fundi alipata njia ya kulipa bila kusafiri. Kipuri kinapakiwa kwenye basi na kufika kama kifurushi. Meli ya MV Victoria ilirudi majini mwaka 2020 baada ya matengenezo makubwa, na Juni 2025 daraja la Kigongo na Busisi lilifunguliwa, likaondoa foleni ya kivuko kwa magari yanayopita Geita. Barabara ikiwa fupi kiasi hicho, stoo ya Bukoba inashindana na stoo ya Mwanza, na ya Mwanza ina aina nyingi zaidi. Anayesubiri siku mbili hupata. Mwenye duka la karibu amebaki kuuzia wale tu wasioweza kusubiri, nao ni wachache.

SOKO LINALOFUATA MWEZI

Mambo ni tofauti kwa upande wa Muleba, hasa kwenye mialo na visiwa vya wilaya hiyo kama Goziba, Kerebe na Bumbire. Dagaa huvuliwa usiku wa giza kwa taa. Zamani taa hiyo ilikuwa karabai, ikila mafuta ya taa na utambi usiku kucha. Karabai inapisha taa za LED zinazoendeshwa kwa betri ya volti 12, ambayo huchajiwa kwa paneli ya sola au kwa jenereta.

Taa hizo huharibika, na huharibika kwa namna inayomfaa muuza spea: waya hukatika, swichi huoza kwa maji, plagi hulegea, kidhibiti chaji huungua kwa kuunganishwa kinyume, fyuzi hukatika. Hakuna tone jeusi. Fundi anaona kwa macho kilichoharibika na anakibadili kwa dakika chache. Mteja naye haombi kusubiri basi la Mwanza, kwa sababu kila usiku wa giza anaokaa nchi kavu ni usiku wa hasara.

Anayefikiria kuingia ajue kalenda yake. Wakati wa mbalamwezi mitumbwi hupumzika, na huo ndio wakati wa matengenezo na manunuzi. Giza likiingia wateja wako majini na duka hupoa. Mwenye mtaji mdogo anaweza kuujaza kabla ya mwezi mpevu, akauza ndani ya wiki moja na nusu, akaagiza tena. Aina zinazohitajika ni chache: waya wa shaba halisi, swichi zisizoingiza maji, fyuzi, plagi, balbu za LED za volti 12, vidhibiti chaji vya amperi 10 na 20, na risasi ya kuchomelea. Aina thelathini zinatosha mahali ambapo kaunta ya redio ilidai mia sita.

Hatari zipo. Betri ni nzito na hufa ikikaa muda mrefu bila kuchajiwa. Asiye na paneli dukani asinunue nyingi. Waya wa bati uliopakwa rangi ya shaba umejaa sokoni, na mvuvi akidanganywa mara moja mwalo mzima hupata habari. Mkopo kwa mwenye mtumbwi hulipwa dagaa wakipatikana, usipopatikana hakuna mahakama itakayoleta samaki.

Bukoba mjini nako kuna msimu mdogo wa namna hiyo: mitego ya senene, inayotumia taa kali mbele ya mabati, hutafuta balbu, choki na waya mnene mvua za Novemba zikianza. Ni biashara ya wiki chache na haifai kuwekewa mtaji wa mwaka.

Aliyebaki bila duka ni yule asiye na haraka wala biashara: kijana anayejifunza. Muhtasari wa Fizikia wa sekondari umekuwa ukifundisha dayodi na transista, na mji wenye shule kama Ihungo na Rugambwa hauna uhaba wa wanafunzi wa kutaka kuunganisha redio ya kwanza kwa mikono yao. Zamani kijana huyo alikwenda na sh. chache akapewa rezista tatu na somo la bure juu yake. Sasa huagiza kifurushi kizima cha mafunzo kutoka Dar es Salaam, kwa bei ambayo mzazi wa kijijini huitazama mara mbili. Mafundi wengi wa makamo walianzia kwenye kaunta zile, na hakuna anayewahesabia wenye maduka faida hiyo.

Kwa sasa wauzaji wenye stoo za zamani wanapotaka kuziachia kwa jumla, mnunuzi achague. Rezista na dayodi hazizeeki, zikiwa kavu. Vidhibiti volti vya 7805 na 7812 bado vina soko kwa watengeneza chaja. Kapasita za maji zilizokaa rafuni miaka kumi zimeanza kukauka, zipimwe kwa mita kabla ya kulipwa. Transista za AC128 za redio za Philips zisinunuliwe hata kwa bei ya kutupa, isipokuwa mnunuzi anamjua kwa sura mwenye redio.