Mifumo Endeshi Miwili katika Kompyuta Moja: Jinsi ya Kuisakinisha bila Kupoteza Taarifa za Wagonjwa

Utangulizi

Katika vituo vingi vya afya, kompyuta moja ya maabara au ya famasi hubeba kazi za miaka mingi: majibu ya vipimo, orodha za dawa na ripoti za kila mwezi. Tarehe 14 Oktoba 2025, kampuni ya Microsoft ilihitimisha huduma ya kawaida ya kuziba kasoro za kiusalama za Windows 10. Kompyuta yenye mfumo huo bado inawaka na kufanya kazi, lakini kila upenyo mpya unaogunduliwa unabaki wazi kwa wezi wa taarifa. Windows 11 nayo inadai kumbukumbu tendaji isiyopungua GB 4, diski ya GB 64 na kifaa cha usalama kiitwacho TPM toleo la 2.0, ambacho kompyuta nyingi za zamani hazina.

Njia mojawapo ya kukabiliana na hali hiyo ni kuweka mfumo endeshi wa pili kando ya ule wa kwanza. Makala haya yanaeleza namna kazi hiyo inavyofanyika, kwa kuchukua mfano wa Windows na Ubuntu, na mambo ya kuzingatia ili taarifa za wagonjwa zisipotee wala kuvuja.

Maana ya mifumo miwili

Mfumo endeshi ni programu mama inayosimamia kompyuta nzima. Ubuntu ni mmojawapo wa mifumo iliyojengwa juu ya Linux, kazi iliyoanzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds alipokuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki, Finland. Hutolewa bila malipo, na jina lake ni neno la lugha za kusini mwa Afrika lenye maana iliyo karibu na utu.

Mifumo miwili inapowekwa katika kompyuta moja, diski hugawanywa, na kila mfumo hupata sehemu yake. Kompyuta inapowashwa, orodha hutokea kwenye skrini na mtumiaji huchagua mfumo anaoutaka. Mifumo hiyo haifanyi kazi kwa wakati mmoja. Ili kuhama, ni lazima kuzima na kuwasha upya. Kwa sababu hiyo, mpango huu haufai kwa kompyuta ya mapokezi inayohudumia foleni mfululizo. Unafaa pale ambapo programu ya mashine ya maabara hufanya kazi katika Windows pekee, ilhali ripoti, barua pepe na mifumo inayofunguliwa kwa kivinjari, kama DHIS2, vinaweza kuhamia Ubuntu.

Maandalizi

Kama ilivyo katika upasuaji, usalama wa kazi hii hutegemea zaidi maandalizi. Katika kituo cha umma au hospitali, ruhusa ya uongozi na ya kitengo cha TEHAMA itangulie. Kisha yafanyike yafuatayo:

1. Nakili taarifa zote katika diski ya nje, kisha fungua faili kadhaa kutoka katika nakala hiyo, ikiwezekana kwa kompyuta nyingine. Nakala isiyojaribiwa haijathibitika kuwa nakala. Programu yenye hifadhidata yake, kama ile ya mashine ya maabara, inakiliwe kwa utaratibu wake yenyewe, kwani kunakili folda pekee huenda kusitoshe.

2. Angalia kama diski imesimbwa kwa BitLocker. Kama imesimbwa, andika ufunguo wa urejeshaji wenye tarakimu 48 na uuhifadhi nje ya kompyuta hiyo. Mabadiliko katika utaratibu wa kuwaka yanaweza kuifanya Windows iudai ufunguo huo. Asiye nao hatazifikia taarifa zake.

3. Zima kipengele cha Windows cha kuwaka kwa haraka. Kipengele hicho huifanya Windows isizimike kikamilifu, na mfumo wa pili ukiandika katika sehemu yake ya diski, faili zinaweza kuharibika.

4. Kwa kutumia zana ya Windows yenyewe ya kusimamia diski, punguza sehemu ya Windows ili kupata nafasi tupu. Ubuntu 24.04 inahitaji angalau GB 25.

Usakinishaji

Pakua Ubuntu kutoka tovuti yake rasmi na uiandike kwenye flashi kwa programu maalumu ya kuandalia flashi ya kuwashia. Washa kompyuta kupitia flashi hiyo na kwanza uchague kuijaribu bila kuisakinisha. Hapo utapima kama mtandao, printa na sauti vinafanya kazi, na diski yako itakuwa haijaguswa.

Ukiridhika, anza kusakinisha. Sasa unafika mahali pa hatari kuliko pote. Programu itakuuliza kama unataka kuiweka Ubuntu pembeni mwa Windows, au kufuta diski nzima. Chagua la kwanza. Chaguo la pili huondoa Windows pamoja na kila kilichomo. Hakikisha pia kompyuta inayobebeka imeunganishwa na umeme, kwani umeme ukikatika wakati diski inagawanywa, madhara yanaweza kuwa makubwa.

Saa inayorudi nyuma

Baada ya kazi kukamilika, kasoro moja hujitokeza mara kwa mara nayo ina uzito wa kitabibu. Windows huichukulia saa ya ndani ya kompyuta kuwa ni saa ya mahali ulipo. Linux kwa kawaida huiweka katika saa ya dunia. Afrika Mashariki imetangulia saa ya dunia kwa saa tatu. Kwa hiyo, baada ya kutumia Ubuntu, Windows inaweza kuonyesha saa 1:00 asubuhi wakati ni saa 4:00 asubuhi. Sampuli itaonekana imechukuliwa kabla ya mgonjwa kufika, na dozi itaonekana imetolewa mapema kuliko ilivyokuwa. Amri ya Ubuntu timedatectl set-local-rtc 1, ikiendeshwa na mwenye mamlaka ya msimamizi, huipatanisha mifumo hiyo. Linganisha saa za pande zote mbili kabla ya kuirudisha kompyuta kazini.

Usiri wa taarifa

Nenosiri la Windows halizuii mfumo mwingine kusoma diski isiyosimbwa. Mtu mwenye flashi ya Ubuntu anaweza kuwasha kompyuta ya kituo na kufungua majalada ya wagonjwa bila kuulizwa lolote. Kinga ya kweli ni kusimba diski na kufunga chumba. Mgonjwa naye ana haki ya kuuliza taarifa zake zinatunzwaje. Nchini Tanzania, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inahusu pia taarifa za afya.

Ikumbukwe vilevile kwamba Windows 10 iliyobaki katika diski haiponi kwa kuwekewa jirani. Itumike bila intaneti, kwa kazi ile tu inayoihitaji. Programu yake ikilazimu mtandao, suluhisho ni kubadilisha kompyuta au kupata huduma ya usalama ya kulipia.

Hitimisho

Mifumo miwili katika diski moja si nakala mbili za taarifa: diski ikifa, yote hufa pamoja. Endelea kunakili taarifa katika diski ya nje kila wiki, na uiweke mbali na kompyuta. Kituo ambacho hakijapata diski hiyo kisubiri. Mfumo wa pili unaweza kusakinishwa siku yoyote, bali jalada la mgonjwa likipotea bila nakala huenda lisirudi kamwe.