Motokaa Moja Katika Mabaki ya Nyingi

Jioni ya leo tutazungumza habari ya vyuma vikuukuu, na jinsi mtu mwenye saburi awezavyo kuunda motokaa moja kwa vipande vilivyokusanywa katika motokaa nyingi zilizokwisha kufa. Huenda wengine watasema, "Hiyo si kazi ya mwalimu, ni kazi ya fundi makanika." Twaomba mtuvumilie. Sisi tuliingia katika jambo hili kwa sababu ya mizani.

Nyuma ya karakana ya chuo chetu cha ualimu, hapa Songea, palikuwa na Land Rover kuukuu mbili na nusu. Twasema nusu, maana ya tatu ilibaki ekseli zake na kipande cha bodi tu. Majani yalikuwa yamepanda mpaka usukani, na kuku walitaga chini ya viti. Siku moja akaja mnunuzi wa chuma chakavu na mizani yake, akataka kuzinunua zote kwa kilo. Bei yake haikuwa mbaya, na chuo kilikuwa na haja ya fedha. Lakini wanafunzi wetu, ambao kesho watakuwa walimu wa ufundi, wakatuuliza: "Mwalimu, akizibeba hizi, sisi tutajifunzia nini?" Tukamwomba mnunuzi atupe muda wa mihula miwili. Alicheka, akakubali, akasema kwamba chuma hakiozi upesi kama muhogo.

Basi yafaa kwanza tueleze kazi hii ni kazi gani. Waingereza huiita motokaa ya namna hiyo "speshali," maana yake motokaa ya peke yake, isiyo na pacha, iliyoundwa na mtu katika banda lake kwa vipande vya zamani. Huko kwao desturi hiyo ilienea sana kwa ajili ya motokaa moja ndogo, Austin 7, iliyoanza kutengenezwa mwaka 1922. Michoro yake ilifanywa na Herbert Austin pamoja na kijana mmoja, Stanley Edge, aliyekuwa na umri wa miaka 18 tu. Mpaka mwaka 1939 zilikuwa zimetoka karibu 290,000. Kwa kuwa zilikuwa nyingi, nyepesi, na rahisi kufunguliwa, zilipochakaa vipande vyake vilipatikana kila mahali kwa bei ndogo. Vijana wakavua bodi iliyooza, wakabakiza fremu na injini, wakaunda juu yake gari jipya kwa kadiri ya akili zao.

Mmoja wao alikuwa Colin Chapman, mwanafunzi wa uhandisi mjini London. Mwaka 1948 aliikamilisha speshali yake ya kwanza juu ya Austin 7 kuukuu, akaifanyia bodi ya mbao nyembamba zilizogandishwa bati la alumini, kwa maarifa yatumikayo katika ndege. Motokaa ile ndiyo iliyokuwa mwanzo wa Lotus, na magari ya jina hilo yalipata ubingwa wa dunia wa watengenezaji wa magari ya mashindano mara 7, kati ya mwaka 1963 na mwaka 1978. Wala hakuanza na kiwanda. Alianza na gari lililokwisha kuchakaa.

Lakini hatuna haja ya kwenda mbali, kwani Land Rover yenyewe, ambayo watu wa Songea wameijua kwa miaka mingi katika barabara za matope, ilizaliwa kwa njia hiyo hiyo. Mwaka 1947 Maurice Wilks, mkuu wa wahandisi wa kampuni ya Rover, alikuwa akitumia shambani kwake Jeep iliyosalia baada ya vita. Akawaza kutengeneza gari lake la shamba. Gari la kwanza la majaribio likaundwa juu ya fremu ya Jeep, likatiwa injini na gia boksi za motokaa ya Rover, na usukani wake ukawekwa katikati. Chuma cha pua kilikuwa haba baada ya vita, kwa hiyo bodi ilifanywa kwa alumini, na fremu ikaundwa kwa kuchomelea vipande bapa vya chuma pamoja. Kisha yakatengenezwa magari 48 ya kujaribiwa, na tarehe 30 Aprili 1948 Land Rover ikaonyeshwa kwa watu mjini Amsterdam. Hivyo gari tulilolidharau kwa kuwa limeota majani lilikuwa mjukuu wa speshali.

Sasa tazameni jambo jingine lililotendeka mwaka ule ule wa 1947, tena katika nchi yetu. Serikali ya Uingereza ilianzisha mpango mkubwa wa kulima karanga katika Tanganyika: Kongwa, Urambo, na Nachingwea, ambayo ilikuwa katika Jimbo la Kusini pamoja na Songea yetu. Mashini mpya zilikuwa hazipatikani, kwa hiyo yakanunuliwa matrekta na matingatinga yaliyoachwa na majeshi, mengine kutoka visiwa vya mbali vya Ufilipino. Hata vifaru vya vita aina ya Sherman viligeuzwa kuwa matrekta na kampuni ya Vickers, navyo vikaitwa Shervick, jina lililounganishwa kwa majina hayo mawili.

Je, kulitokea nini? Matrekta mengi yalikufa mapema. Ardhi ya Kongwa wakati wa kiangazi ni ngumu kama sakafu, na mchanga wake hula chuma. Vipuri havikupatikana, na karakana hazikuwa tayari. Ilikusudiwa kulima eka 150,000 katika mwaka wa kwanza, lakini zilizopandwa hazikufika hata 10,000. Mwezi wa Januari 1951 mpango ukavunjwa, na hasara yake ilizidi pauni milioni 30. Amma mashini kuukuu hazikuwa sababu pekee, kwani mvua na udongo pia havikupimwa sawasawa. Lakini fundisho lake kwa mtu anayekusanya vyuma ni dhahiri. Watu wa Land Rover na watu wa karanga wote walishika mabaki ya vita. Wale wa kwanza waliunda gari moja, wakalijaribu, wakaunda 48, wakayajaribu, ndipo wakatengeneza mengi. Wale wa pili walinunua mengi kabla ya kujua moja litafanyaje kazi. Kosa halikuwa ukuukuu wa chuma. Kosa lilikuwa kutokipima.

Natueleze sasa kazi yenyewe, kama tulivyojifunza sisi na wanafunzi wetu, pamoja na makosa yetu.

Kazi ya kwanza ni fremu, ambayo ni mifupa ya motokaa. Gari lililopata kuanguka huweza kuonekana zima huku mifupa yake imepinda. Chukua uzi mrefu, upime kutoka pembe ya mbele ya kulia mpaka pembe ya nyuma ya kushoto. Kisha upime kutoka pembe ya mbele ya kushoto mpaka ya nyuma ya kulia. Vipimo viwili vikiwa sawa, fremu haikwenda upande. Kisha uitazame kwa upande, usije ukakuta imelegea katikati. Halafu igonge kwa nyundo ndogo kila mahali. Chuma kizima hulia. Chuma kilicholiwa na kutu hutoa sauti iliyokufa. Katika fremu zetu mbili, moja ililia vizuri, na nyingine nyundo ilipenya kama katika kibuyu. Tukajua ipi ya kujenga na ipi ya kumwachia mwenye mizani.

Kazi ya pili ni bolti na nati, na hapa vijana wengi hudanganyika. Mwaka 1841 Mwingereza Joseph Whitworth alitoa kanuni ya ule uzi uliochongwa juu ya bolti, ili bolti za viwanda mbalimbali zilingane. Pembe ya uzi wake ni digrii 55. Waamerika nao wakachagua digrii 60, na bolti za vipimo vya milimita zina digrii 60 vile vile, lakini unene wake na hatua za uzi wake ni nyingine. Land Rover za mwanzo zilifungwa kwa bolti za Kiingereza, na za baadaye zikapata za kanuni ya Kimarekani. Basi ukichanganya bolti katika kopo moja, siku moja utaikuta nati iliyoingia mizunguko miwili vizuri, kisha ikakaza. Mwenye haraka ataishurutisha kwa spana, na kumbe anakata uzi. Nati hiyo itashika gari likiwa limesimama, lakini itaachia njiani. Sisi tuliweka makopo matatu yenye alama, na ikawa marufuku kutumia nguvu mahali ambapo vidole vilipasa kutosha.

Kazi ya tatu ni difu, na hapa ndipo tulipoaibika. Ekseli ya mbele tuliitoa katika gari la zamani zaidi. Ya nyuma ilikuwa imevunjika meno, tukatia nyingine kutoka ile nusu gari, ambayo ilikuwa ya miaka ya baadaye. Kwa macho zilifanana, nasi tukaridhika. Siku tuliyoiwasha injini, uwanja ulijaa watu. Gari likaenda vizuri kwa magurudumu ya nyuma, watu wakapiga vigelegele. Kisha tukaunganisha magurudumu yote manne, likaguna, likajikokota kama ng'ombe wawili waliofungwa nira huku kila mmoja akitaka njia yake, na mara tukasikia shafti inakatika kwa kishindo.

Jioni ile tuliketi na wanafunzi tukafanya hesabu ambayo tungepaswa kuifanya mwanzo. Difu ya mbele ilikuwa ya 4.7 kwa 1, yaani propela yapaswa kuzunguka mara 4.7 ili gurudumu lizunguke mara moja. Difu ya nyuma ilikuwa ya 3.54 kwa 1. Zote mbili huzungushwa na gia boksi moja kwa mwendo mmoja. Basi propela zikizunguka mara 470, gurudumu la mbele lazunguka mara 100, na la nyuma karibu mara 133. Magurudumu ya ukubwa mmoja, katika gari moja, juu ya ardhi moja, hayawezi kwenda mwendo wa namna mbili. Hapana budi kitu kivunjike. Mwanafunzi mmoja alisema kwa huzuni kwamba hesabu hiyo ni ya watoto wa shule. Tulimjibu kwamba ndivyo ilivyo, nasi walimu wao hatukuifanya. Tena si vigumu kuijua difu bila kitabu: zungusha propela kwa mkono, uhesabu mizunguko yake mpaka magurudumu mawili ya ekseli hiyo yatimize mzunguko mmoja pamoja.

Kazi ya nne ndiyo kubwa kuliko zote, nayo ni breki. Mwendo ukizidi mara mbili, kazi ya breki kulisimamisha gari huzidi mara nne. Anayetoka kilomita 40 kwa saa akafika 80 asidhani ameongeza mara mbili tu. Fikirini mteremko wa Lukumburu katika njia ya Njombe, gari limepakia watu! Katika kazi ya breki hatutumii mpira wa zamani hata ukionekana mzima, wala hatuongezi mafuta ya injini mahali pa mafuta ya breki, maana mafuta ya injini huvimbisha mipira na kuiharibu. Kadhalika vyuma vya usukani vilivyovunjika havichomelewi. Hutafutwa vingine vizima. Haba na haba hujaza kibaba katika kukusanya bolti, lakini uhai wa mtu haujazwi tena ukimwagika.

Mwisho, weka daftari. Kila kipande kiandikwe: kimetoka wapi, kwa nani, kwa kipimo gani, na nani amekikagua. Pokea hati kwa kila ununuzi, usije ukaunda motokaa kwa mali ya wizi. Namba za fremu na injini zilingane na kadi. Na ukibadili injini, wenye mamlaka wapashwe habari, na gari likaguliwe kabla ya kuingia barabarani.

Mihula miwili ilipokwisha, mnunuzi alirudi na mizani yake. Tulimpa fremu iliyooza na vyuma visivyofaa, akavipima akalipa. Gari letu limesimama kwa magurudumu yake manne, ekseli zake sasa zalingana, na injini yaitika. Lakini breki zake hazijatimia, maana vipuri viwili bado twavitafuta. Kwa hiyo halijatoka nje ya uwanja, wala halitatoka mpaka zitimie. Mnunuzi alilizunguka akilitazama, akatuuliza, "Mbona hamliendeshi?" Wanafunzi ndio waliomjibu, wakamfungulia daftari na kumwonyesha mistari miwili iliyo tupu.

Wahenga walisema, usiache mbachao kwa msala upitao. Ninyi mlio na gari kuukuu nyuma ya nyumba, au shule iliyo na mashini zilizolala, msiharakishe kuita mizani. Iteni kwanza vijana, mwape nyundo ndogo, uzi, na daftari.