Sura ya Nne: Karatasi ya Zamu

Ukitaka kujua kama vijana wa hoteli fulani wanaipenda kazi yao, usianzie mapokezi. Pale kila mtu anatabasamu, ndiyo kazi aliyoajiriwa. Pita mlango wa nyuma hadi ilipobandikwa karatasi ya zamu. Angalia ilitoka lini na imekatwakatwa kwa kalamu mara ngapi. Ratiba ya wiki ikitoka Jumapili usiku, kijana hawezi hata kumuahidi dada yake kwamba atakuwepo kwenye harusi.

Mchukue weita wa Nungwi, kaskazini mwa Unguja, ambaye kwao ni mjini. Anaingia saa 12 asubuhi kuandaa chai ya wageni, anaachiwa saa 5, kisha anatakiwa tena saa 12 jioni hadi saa 5 usiku. Kwenye vitabu vya ofisi amefanya kazi kwa muda wa saa kumi. Zile saba za katikati haziandikwi popote, na wala si zake: kutoka Nungwi hadi mjini ni kama kilomita 60, na daladala haina haraka na mtu. Basi anajilaza kwenye bweni la wafanyakazi, sare ikiwa imening'inia dirishani ikauke jasho la asubuhi.

Mwaka 1959 mwanasaikolojia wa Marekani, Frederick Herzberg, na wenzake walichapisha matokeo ya mahojiano na wahandisi na wahasibu wapatao 200 wa Pittsburgh. Waliwauliza ni lini waliipenda sana kazi yao na ni lini iliwachosha roho. Majibu yalitoka kwenye mafungu mawili. Kero zilitokana na mshahara, wasimamizi, taratibu za kampuni na mazingira ya kazi. Furaha ilitokana na kufanikisha jambo, kutambuliwa na kazi yenyewe. Kwa hiyo, alisema Herzberg, ukiondoa kero hujaleta furaha, umeondoa kero tu. Wenye hoteli wengi wamelipenda fungu la pili kuliko la kwanza. Ndiyo maana picha ya mfanyakazi bora wa mwezi hutundikwa upesi, huku bomba la bafu la wafanyakazi likisubiri bajeti.

Isitoshe, wahandisi wale hawakuishi kwa bakshishi. Hotelini, mgeni humwona weita; hamwoni dobi wala anayesugua masufuria. Kila mmoja akibaki na chake, nyuma ya jiko kunanung'unikwa. Fedha zikiwekwa kwenye sanduku la pamoja, manung'uniko hupungua, ila linazuka swali lingine: nani analifungua, na mbele ya nani? Supavaiza akilifungua peke yake ofisini, hata akigawa kwa haki, hakuna atakayemwamini.

Mtu aliyeona mambo ya namna hii mapema ni William Foote Whyte, mwanasosholojia aliyechunguza mikahawa ya Chicago miaka ya 1940. Alikuta baadhi ya wahudumu wa kike wakilia kazini, na akatafuta sababu zaidi ya ukali wa wateja. Mojawapo ilikuwa kaunta ya jikoni: msichana wa cheo cha chini alilazimika kumwamrisha mwanamume mwenye ujuzi na mshahara mkubwa kuliko wake, naye alimjibu kwa kumchelewesha. Ilisaidia kuweka kijiti cha chuma ambacho oda zilichomekwa kwa karatasi, mpishi akazichukua kwa zamu bila kuamrishwa na mtu. Hakuna mshahara ulioongezwa wala semina iliyofanyika.

Kero ambayo kijiti hakiwezi kuitibu ni msimu. Mvua za masika zikianza, wageni hupungua pwani, hoteli nyingine hufunga kabisa Aprili na Mei, na wenye mikataba ya msimu huambiwa "tutawapigia". Mwezi Juni mameneja wanalalamika kwamba vijana wa siku hizi hawatulii. Wengi wao wako hoteli ya jirani, kazi ileile, sare nyingine: simu ya huko ndiyo iliyotangulia kuita.