Likizo Ndefu Katika Ifo

 

Leo twapenda kuzungumza nanyi juu ya jambo la nyumbani kabisa. Shule ikifungwa, mtoto afanye nini? Katika Kenya likizo iliyo ndefu kupita zote ni ile ya mwisho wa mwaka, inayoanza Oktoba au Novemba na kwisha Januari. Mtoto wa mjini Nairobi huenda akapelekwa kwa nyanya yake shambani, akala mahindi mabichi, akacheza na binamu zake. Lakini mtoto wa Ifo ataenda wapi? Nyanya yake, kama yu hai, anakaa naye hapo hapo, katika boma moja lililozungushiwa miiba.

Labda baadhi yenu hamjui Ifo ilivyo. Ni mojawapo ya kambi za wakimbizi zilizo karibu na Dadaab, mwendo wa kilomita mia moja hivi kutoka Garissa. Ilifunguliwa mwaka 1991, Somalia ilipoingia katika vita, na baada yake zikafuata Dagahaley na Hagadera. Kambi hizo tatu zilipangwa kwa watu 90,000. Mwaka 2011, ukame na vita vilipozidi, watu katika eneo hilo la Dadaab walipita 400,000. Walio wengi ni Wasomali, nao ni Waislamu. Lakini wako pia Waethiopia, Wasudani Kusini, Wakongo na wengine, na miongoni mwao yamo makundi madogo ya Wakristo wanaokutana kuabudu. Kwa hiyo tunaposema juu ya watoto wa Ifo twasema juu ya watoto wa jirani zetu na watoto wa ndugu zetu katika imani, wote pamoja, kwa maana wanakaa mchanga mmoja na kusoma darasa moja.

Basi kwa nini tusiseme tu, "Shule itafunguliwa, mwalimu atafundisha"? Kwa sababu katika Kaskazini Mashariki mwalimu si mtu wa kutumainiwa kuwako daima, wala si kosa lake. Tarehe 22 Novemba 2014 basi lililotoka Mandera lilishambuliwa, na abiria 28 wakauawa. Wengi wao walikuwa walimu waliokuwa wakienda kwao kwa likizo ya Krismasi. Januari mwaka uliofuata walimu wengi wa kutoka bara hawakurudi, na nani awalaumu? Januari 2020 walimu watatu waliuawa huko Kamuthe, katika Garissa yenyewe, na Tume ya Walimu ikawaondoa wengi wasio wenyeji. Madarasa yalibaki na watoto bila mtu ubaoni. Ndani ya kambi walimu wengi ni wakimbizi wenyewe, vijana waliosoma katika shule zizo hizo, nao wanafundisha madarasa yaliyofurika.

Hapa yatupasa kumtaja mwalimu mmoja Mwislamu, Salah Farah wa Mandera. Desemba 2015 basi alilopanda lilisimamishwa, na washambuliaji wakataka abiria Waislamu wajitenge na Wakristo. Abiria wale walikataa kutengana. Salah Farah alipigwa risasi, na mwezi uliofuata akafa. Ndugu zangu, tukisikia mtu akisema juu ya watoto wa upande ule kana kwamba ni watoto wa adui, na tumkumbuke mwalimu yule.

Sote tumekwisha kuonja kidogo maisha ya mtoto asiye na shule. Katikati ya Machi 2020 shule zote za Kenya zilifungwa kwa ajili ya ugonjwa wa korona, na watoto walio wengi hawakurudi mpaka Januari 4, 2021. Huko Uganda walikaa karibu miaka miwili. Redio ilisomesha, wazazi wakajaribu. Twakumbuka jinsi mtoto alivyosahau upesi yale aliyoyajua vizuri, hesabu kwanza na kusoma baadaye. Mtoto anayeanza kusoma ni kama mtu anayechota maji kwa ndoo iliyotoboka: akisimama kuchota, ndoo inabaki tupu.

Sasa, mama mmoja atasema, "Mimi sikusoma. Nitamfundishaje?" Mama, usikate tamaa. Fungua Waraka wa Pili kwa Timotheo, sura ya kwanza, nawe utakutana na nyanya aitwaye Loisi na mama aitwaye Eunike. Kitabu cha Matendo chatuambia kwamba babaye Timotheo alikuwa Myunani. Imani na Maandiko kijana huyu aliyapokea kwa wanawake wawili wa nyumbani mwake, tangu utoto. Hatusomi kwamba Loisi alikuwa mwalimu mwenye cheti.

Mama asiyejua herufi aweza kufanya hivi. Asubuhi, kabla jua halijawa kali, mwite mtoto akae chini ya mwarobaini na kitabu chake. Asome kwa sauti kwa muda wa kuchemsha chai, si zaidi. Halafu afunge kitabu, akueleze kwa lugha ya nyumbani yale aliyoyasoma. Hapo utajua. Mtoto aliyeelewa husimulia mbio mbio, mpaka mikono yake inasimulia pia. Asiyeelewa huanza kutazama paa. Mwambie arudie. Kesho yake muulize tena habari ya jana, naye atashangaa kwamba wewe unaikumbuka.

Jambo hili la lugha ya nyumbani ni kubwa kuliko watu wadhanivyo. Mtoto wa Ifo husema Kisomali au Kiamhari au Kinuer kwa mamaye, kisha shuleni adaiwa Kiswahili na Kiingereza. Akiisikia hadithi kwanza katika lugha aliyonyonya, maneno mageni yatapata mahali pa kukaa. Basi na aanze na hadithi za wazee. Wasomali wanazo tele: ile ya Dhegdheer, jitu la kike lenye sikio refu, ambayo watoto huiogopa na kuitaka tena, na ile ya Wiil Waal, mtawala mwerevu wa upande wa Jigjiga. Husimuliwa kwamba Wiil Waal aliwaagiza wanaume kila mmoja amletee sehemu ya kondoo iwezayo kuwagawanya watu au kuwaunganisha. Matajiri wakaleta mkia wa mafuta, mbavu, na vipande vinono. Maskini mmoja hakujua la kufanya, na binti yake akamwambia apeleke umio, ile njia ya chakula. Akaupeleka kwa aibu. Mtawala akafurahi, kwa maana watu hugombana kwa ajili ya kile kipitacho kooni, na kwa hicho hicho hupatana wakila pamoja. Akataka kujua ni nani aliyetoa shauri lile, akaambiwa ni binti.

Mtoto akiisha kuisikia hadithi hiyo kwa nyanya, aiandike kwa Kiswahili katika daftari. Hicho kitakuwa kitabu chake cha kwanza, na hakuna aliyekilipia. Likizo moja yatosha kwa hadithi kumi. Chini ya kila moja aandike jina la aliyemsimulia na mahali alipozaliwa: Kismayu, Baidoa, Gambella, Bor. Wazee hawa wanaondoka mmoja mmoja, na twaogopa wengi wanaondoka na hadithi zao.

Na mkubwa amfundishe mdogo. Wasomali wenyewe walikwisha kuonyesha nguvu ya jambo hilo. Lugha yao ilipata maandishi rasmi mwaka 1972. Mwaka 1974 serikali yao ilifunga shule za sekondari kwa mwaka mzima na kuwapeleka maelfu ya wanafunzi pamoja na walimu wao kwa wafugaji wa kuhamahama, wakawafundishe kusoma na kuandika. Kijana wa mjini alimfuata mzee na ngamia zake, akafundisha walipopiga kambi. Ukame mkali uliokuja wakati ule uliharibu mengi katika mpango huo. Lakini wako wazee waliojifunza kusoma kwa njia hiyo, mwalimu akiwa mtoto. Kijana wa Ifo aliyefika darasa la saba au la nane asione haya kukusanya wadogo watano kila asubuhi. Yeye mwenyewe atazidi kujua, maana huwezi kufundisha kugawanya kama hujui kugawanya.

Kuhusu hesabu, kambi yenyewe ni darasa. Jerikeni la lita 20 linajazwa kwa vikombe vingapi? Nyumba yenye watu tisa ikichota majerikeni saba kwa siku, kila mtu apata lita ngapi? Mtoto apime kivuli cha kijiti saa mbili, saa sita na saa kumi, aandike. Atazame mwezi kila usiku, auchore mpaka uandame tena. Apande mboga katika gunia la udongo, alimwagilie maji yaliyooshea vyombo, na kila Ijumaa apime mche umekua vidole vingapi. 

Tena acheza! Sheria ya Elimu ya mwaka 2013 inakataza masomo ya likizo shuleni, nasi twaiunga mkono kwa moyo wote. Hatutaki mzazi aligeuze boma kuwa darasa la kutwa na fimbo. Saa moja ya kitabu na saa moja ya kazi ya mikono yatosha; iliyobaki ni ya mpira wa matambara.

Lakini hapa lipo neno la kuwaambia akina baba. Likizo ya mvulana na likizo ya msichana si moja. Mvulana yuko uwanjani, dada yake yuko foleni ya maji, au ametafuta kuni, au amembeba mdogo mgongoni tangu alfajiri. Wengine wanaposwa wakati wa likizo, na shule ifunguliwapo dawati lake li tupu. Msichana aliye na kitabu mkononi na kazi ya kumaliza Januari ni vigumu kidogo kumsahau. Baba, mpe kaka yake jerikeni siku tatu katika juma, na saa hiyo umwachie binti asome. Hatuombi fedha hapa, twaomba zamu.

Na sisi wa makanisa ya mbali tufanye nini? Twaweza kutuma vitabu. Huduma ya Maktaba ya Taifa imepata kutumia ngamia katika Garissa na Wajir kuwapelekea wafugaji vitabu, mnyama mmoja akibeba masanduku, mwingine hema la kusomea. Sisi hatuna ngamia, lakini tunalo sanduku. Liwe la bati, lenye kifuniko kizuri, kwa maana mchwa na vumbi vya Ifo havina huruma na karatasi. Ndani yake tieni hadithi fupi zenye picha, na Kamusi ya Kiswahili Sanifu moja hata kama imetumika. Kwa vijana tieni Adili na Nduguze cha Shaaban Robert, na Siku Njema cha Ken Walibora, habari ya kijana Kongowea anayetoka Tanga kumtafuta babaye hadi Kitale. Vijana wa kambini wanaijua safari ya namna hiyo. Biblia na vitabu vya nyimbo viende kwa makundi ya Wakristo wanaoviomba. Katika sanduku la watoto wote msifiche vijitabu vya kuhubiri kati ya hadithi. Mzazi Mwislamu aliyetuamini mtoto wake tusimvizie. Tukitaka kumshuhudia, na tumshuhudie uso kwa uso.

Sanduku likifika, kundi lichague mtunzaji mmoja mwenye daftari. Kila kitabu kipewe namba, na aliyekichukua aandike jina na siku. Kikae kwake juma moja, kisha kiende boma jingine. Kitabu kilichochanika kwa kusomwa kisitupwe: kishonwe mgongoni kwa uzi wa gunia, kipakwe gundi ya unga, kikaushwe kivulini siku mbili, na kurudishwa sandukuni.