Pini Moja, Majina Matatu



Friji ya chanjo katika zahanati inatakiwa kukaa kati ya nyuzi joto 2 na 8. Kompyuta ndogo kama Raspberry Pi, ikitumia umeme wa jua, inaweza kupima joto hilo usiku na mchana hata katika vijiji vya ufukweni ambavyo sisi wa Kigoma na Ujiji tunavifikia kwa boti. Ila inahitaji bodi ya kuibeba na kuiunganisha na kipimajoto, betri na modemu. Vijana wanaochora bodi hizo hujikwaa mara nyingi kwenye majina ya pini. Makosa makubwa ni matatu.

Kwanza, namba ya nafasi kuchanganywa na namba ya chipu. Kwenye safu ya pini 40, GPIO 4, ambayo kwa kawaida hutumika kwa kipimajoto, iko nafasi ya 7. Nafasi ya 4 ni umeme wa volti 5. Fundi akiandika "4" tu, mwenzake anaweza kupeleka waya kwenye umeme. Joto halitasomwa, na pini za GPIO hazivumilii zaidi ya volti 3.3.

Pili, TX na RX, yaani kutuma na kupokea. Wengi huunganisha TX na TX kwa sababu majina yanafanana. Hapo ni kinywa kwa kinywa, hakuna anayesikia. TX ya kompyuta iende RX ya modemu, na RX iende TX.

Tatu, mchoro wa toleo la zamani. Mwaka 2012 toleo la pili la Raspberry Pi lilibadilisha nafasi ya 13 kutoka GPIO 21 kuwa GPIO 27. Vivyo hivyo, Compute Module ya mwaka 2014 ilikuwa kadi ya pini 200, lakini ya nne, ya mwaka 2020, ina viunganishi viwili vya pini 100. Bodi ya ile haiingiliani na hii.

Tunashauri hivi:

1. Tengenezeni jedwali moja lenye nafasi, jina la chipu, kazi na volti ya kila pini, pamoja na toleo la kompyuta.
2. Wakague watu wawili: mmoja asome mchoro wa mtengenezaji, mwingine afuate njia kwenye bodi.
3. Kabla ya kuchomeka kompyuta, washeni bodi peke yake na kupima kila pini kwa multimita.

Kazi hiyo ni ya nusu siku. Kompyuta ikiungua, nyingine huenda ikaagizwa Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 1,200 kwa reli, na wakati huo wote friji haina mlinzi. Wajenzi wa Babeli (Mwanzo 11) walikwama walipoacha kuelewana kwa lugha. Tukubaliane majina kwanza, ndipo tulehemu.