Bango la Utafiti wa Lugha: Upangaji Wake na Kazi Yake

Bango la utafiti ni karatasi moja kubwa, aghalabu ya kipimo cha A0, yaani milimita 841 kwa 1189, ambayo hutundikwa ukutani katika mkutano wa wataalamu ili matokeo ya uchunguzi yasomwe na wapitao. Desturi hiyo ilienea katika mikutano ya sayansi za maumbile katika miaka ya 1970, na siku hizi imekwisha kuingia katika mikutano ya isimu pia. Hata hivyo, mabango mengi ya wanaisimu yangali makala tu yaliyobandikwa ukutani. Kasoro hiyo si ya mapambo, bali ni ya hoja: mtayarishaji hajaamua ni jambo gani moja analotaka msomaji aondoke nalo.

Msomaji wa makala ameketi, naye aweza kurudi nyuma kurasa mbili. Msomaji wa bango amesimama, ana mabango mengine ya kutazama, na huamua kwa muda mfupi sana kama atabaki au atapita. Kwa hiyo bango hapana budi libebe dai moja, na kila kilichomo kilitumikie dai hilo.

Na tuchukue mfano wa ulinganisho wa sauti katika lahaja tatu. Data yenyewe yaweza kupangwa hivi, kwa kufuata Kiunguja, Kimvita na Kiamu:

macho – mato – mato
cheka – teka – teka
njia – ndia – ndia
njaa – ndaa – ndaa
mji – mji – mui
moja – moja – moya

Bango la data hiyo laweza kupewa anwani kama "Uchunguzi Linganishi wa Baadhi ya Vipengele vya Kifonolojia katika Lahaja Teule za Kiswahili". Anwani hiyo hutaja mada, lakini haisemi kilichogunduliwa. Afadhali iandikwe: "Kimvita huungana na Kiamu katika ch na nj, lakini hubaki na Kiunguja katika j isiyotanguliwa na n". Hata yule asiyesoma neno jingine lolote atakuwa amepata matokeo.

Jedwali la maneno hayo ndilo kiini cha bango, wala si kiambatisho chake. Liwekwe katikati, kwa herufi kubwa, na safu ya Kimvita iwe baina ya zile mbili. Mistari ipangwe kwa kufuata sauti, si kwa alfabeti. Ndipo jicho litakapoona lenyewe mahali Kimvita kinapogeuka. Maumbo yanayofanana yatiwe kivuli kimoja. Haifai kutegemea tofauti ya rangi nyekundu na kijani, kwani wako watu, hasa wanaume, wasioweza kuzipambanua.

Kuhusu ukubwa wa herufi, anwani isomeke kutoka hatua kadhaa, na maelezo yasipungue pointi 24, ambazo ni kama thuluthi ya inchi. Kuna jaribio jepesi. Bango lipigwe chapa kwanza katika karatasi ya A4, ambayo urefu wake ni robo ya ule wa A0. Herufi za pointi 24 zitakuwa za pointi 6; zisiposomeka karatasi ikiwa mkononi, hazitasomeka ukutani.

Mapitio ya maandishi, historia ya nadharia na maelezo marefu ya mbinu yapunguzwe hadi sentensi chache. Mtafiti mwenyewe husimama kando ya bango lake, na kazi yake ni kujibu maswali ambayo bango limeyazua. Anayetaka zaidi apewe karatasi ya mkononi yenye data kamili.

Linabaki suala la lugha. Mara nyingi bango juu ya Kiswahili huandikwa kwa Kiingereza, na maneno ya wasemaji hubanwa pembeni kwa herufi ndogo, ilhali nembo za wafadhili zimetawala juu. Mpango huo huwafungia mlango wale waliotoa data. Tangu Kiunguja kilipoteuliwa mwaka 1928, katika mkutano uliofanyika Mombasa, kuwa msingi wa Kiswahili Sanifu, mtoto wa mji huohuo aandikaye "mato" shuleni huhesabiwa kuwa amekosea, ingawa Ndia Kuu ni jina la barabara ya Mji wa Kale. Bango lililotajwa hapo juu laonyesha kwamba umbo hilo si kosa la mtu mmoja, bali ni sehemu ya utaratibu wa lahaja nzima. Lakini litaweza kumwonyesha hivyo mwalimu wa mtoto huyo iwapo tu limeandikwa kwa lugha yake na kwa mpango atakaouelewa bila ya mtaalamu kusimama kando.

Kwa ajili hiyo, bango lisitupwe mkutano unapokwisha. Likitundikwa katika shule au maktaba ya mahali data ilipokusanywa, wasemaji wenyewe watalisoma, na pengine watalisahihisha. Usahihisho huo ni wa thamani kubwa, kwani watokana na wenye lahaja.