Jina la Tatu na Ukoo wa Mama

Ndugu msikilizaji, karani wa ofisi yoyote hapa mjini hukuuliza jambo moja kabla hajainua macho: "Majina yako matatu?" Nawe humtajia bila kufikiri, lako, la baba na la babu, halafu unasubiri mhuri. Wiki hii naomba tulifikirie swali hilo, maana nimetoka Mbekenyera, na huko nimelikuta limewatoa jasho watu wazima.

Mbekenyera iko wilayani Ruangwa, mkoani Lindi, katika nchi ya Wamwera. Wilaya ya Ruangwa ilimegwa kutoka Nachingwea mwaka 1995, ila jamaa wa pande hizo mbili bado ni wamoja. Mimi nilikwenda kwenye arobaini ya mzee mmoja, mkulima wa korosho na ufuta. Aliacha mikorosho, nyumba ya bati na akiba yake benki, kwa kuwa siku hizi fedha za mazao hupitia chama cha msingi na kuingia kwenye akaunti ya mkulima. Kitambulisho chake kilikuwa na jina la ukoo lililoanza na N mbili. Kitabu cha benki kilikuwa na M. Kadi ya zamani ya chama cha ushirika ilikuwa na jina jingine kabisa, ambalo vijana wa nyumba ile hawakuwahi kulisikia. Ofisi moja iliwaambia wafiwa kwamba kwa karatasi walizoleta, hao ni watu watatu. Dada wa marehemu akasema, "Basi tumezika mmoja, tumebakiwa na deni la kuzika wawili." Watu wakacheka, lakini mjane hakucheka.

Jioni yake mtani mmoja akawageukia vijana na kuwauliza: "Huyu mzee alikuwa wa ukoo gani?" Wakamtajia jina lake la tatu. Mtani akatikisa kichwa. "Hilo ni jina la babu yake. Nimeuliza ukoo." Kimya. Hapo ndipo nilipoona kwamba mzigo wa karatasi na kimya cha vijana vina asili moja.

Tuanze na hili jina la tatu. Chukua mtu wa mfano, tumwite Hamisi Saidi Mkumba. Mkumba ni babu yake. Hamisi akipata mtoto akamwita Issa, huyo ni Issa Hamisi Saidi. Mkumba ameshaanguka. Issa akimzaa Bakari, huyo ni Bakari Issa Hamisi, na Saidi naye ameanguka. Ni kama gari lenye viti vitatu: kila abiria mpya akipanda mbele, wa nyuma anateremshwa. Wale wanaomwita Mkumba babu mmoja, kizazi cha tatu wanaweza kuketi darasa moja na wasijue kwamba ni ndugu. Familia nyingine zimeamua kulifunga jina la tatu lisiteremke, watoto wote wakaitwa Mkumba kizazi hata kizazi. Nyumba moja inaweza kuwa na ndugu wanaofuata desturi mbili, na hapo karani hupata kazi.

Usidhani kwamba hilo ni la wanakijiji peke yao. Mjaluo mmoja wa Kenya alikwenda kusoma Hawaii mwaka 1959. Baba yake aliitwa Hussein Onyango Obama, maana yake Onyango mwana wa Obama. Kwa desturi ya kwao mtoto angeweza kujulikana kwa jina la Onyango. Lakini katika karatasi za Marekani lililoshika nafasi ya ukoo ni Obama, jina la babu, nalo likaganda hapo. Mwaka 2009 mwanawe alipoapishwa kuwa Rais wa Marekani, dunia nzima ilikuwa ikilitaja jina la mzee mmoja wa Nyanza ambaye hakuwahi kuiona Amerika.

Waayirishi nao walipita njia hiyo zamani sana. Kwao Mac ni mwana, na Ó ni mjukuu au mzao. Ó Cinnéide ni mzao wa Cinnéide. Waingereza wakaliandika Kennedy, na huyo Kennedy ndiye rais aliyempokea Mwalimu Nyerere Washington mwaka 1963. Jina la Ó Cléirigh limo katika kumbukumbu zao tangu mwaka 916, na ni miongoni mwa majina ya ukoo ya kale kabisa huko Ulaya. Mwanamke wao husema Ní, kama sisi tulivyosema binti. Baadaye chini ya utawala wa Waingereza wengi waliangusha Ó na Mac, majina yakaandikwa kwa sikio la karani Mwingereza. Mac Gabhann, yaani mwana wa mhunzi, akawa Smith. Mwishoni mwa karne ya 19, walipoanza kuipigania lugha yao, baadhi yao walizirudisha Ó na Mac zao. Waliweza kuzirudisha kwa sababu jina lenyewe lilikuwa limegandishwa mapema. Sisi letu bado linatembea.

Sasa turudi Mbekenyera kwenye zile N mbili. Kiswahili kina m yake inayosimama peke yake mbele ya konsonanti: mtu, mke, mto. Katika lugha za kusini kama Kimwera na Kimakonde, sauti hiyo ya puani mara nyingi huifuata konsonanti iliyo mbele yake, ikawa n. Ndiyo maana Ruangwa kuna kata inaitwa Nkowe, na ndiyo maana jina la hayati Brigedia Moses Nnauye, mtu wa Lindi, lina n mbili. Karani aliyezoea Kiswahili cha shule akilisikia jina la namna hiyo huona limekosewa. Analisahihisha kwa M, kwa nia njema, na mtu amekwisha kuwa wawili.

Tena kuna majina ya jandoni na unyagoni. Kusini, mtoto huingia jandoni na jina moja akatoka na jingine, na lile la utotoni likabaki kwa mama na nyanya. Mwanazuoni wa Kijerumani Karl Weule alizunguka Lindi, Masasi na Newala mwaka 1906 akiandika mila hizo. Juu ya hayo yakaja majina ya dini. Uislamu ulienea sana bara ya Lindi baada ya Vita vya Majimaji vya 1905 hadi 1907, ukaleta akina Saidi, Bakari na Hadija. Wamisionari wa Kianglikana walikuwa wamefika Masasi tangu 1876, na Wabenediktini wakafungua Ndanda mwaka 1906. Wakaja akina Yohana, Benedikto na Skolastika. Mzee mmoja basi aweza kuwa na jina la utoto, la jando, la dini, na la utani wa shambani. Yote ni yake kihalali. Hakumdanganya mtu. Kila ofisi ilimuuliza siku yake, naye akajibu alivyoitwa siku hiyo.

Lakini kubwa zaidi, msikilizaji, ni lile la mtani. Wamwera, kama jirani zao Wayao, Wamakua na Wamakonde, tangu asili huhesabu ukoo kwa mama. Mtoto ni wa ukoo wa mama yake. Mwenye kauli katika jando lake, ndoa yake na mirathi alikuwa mjomba. Wamakua huuita ukoo huo nihimo, Wayao lukosyo. Kwa ukoo huo ulijua nani huwezi kumwoa, nani atakusaidia shamba, na mtani gani atakuja kukuzika. Sasa tazama majina matatu ya karani: mtoto, baba, babu mzaa baba. Mama hayumo. Mjomba hayumo. Ukoo wenyewe hauna kisanduku katika fomu.

Fomu haikuyafanya hayo peke yake. Dini zote mbili zilimpa baba nafasi kubwa katika malezi na urithi. Mikorosho nayo ni mali ya kudumu. Baba aliyeipanda kwa jasho lake alitaka aiachie wanawe, asiwaachie wapwa. Kisha katika miaka ya 1970 watu walihamishiwa vijiji vya ujamaa, na koo zilizokaa mbalimbali zikachanganywa katika mstari mmoja wa nyumba. Sisemi kwamba yote yalikuwa mabaya. Wako wajane na watoto waliokuwa wakinyang'anywa na ndugu wa marehemu, ambao leo cheti chenye jina la baba kinawalinda. Yule mjane wa Mbekenyera alikuwa anategemea karatasi hizohizo.

Ninachosema ni kwamba karatasi inalinda mali tu ikiwa imeandikwa sawa, na haiwezi kulinda undugu hata kidogo. Hivyo ni vitu viwili, na kila kimoja kina kazi yake kwetu.

Kwa upande wa mali, wewe mkazi wa mjini uliyeacha wazazi kijijini, ukienda likizo waombe wazee karatasi zote: kitambulisho, kadi ya ushirika, kitabu cha benki, cheti cha ndoa, vyeti vya watoto. Zitandike mkekani. Ukiona herufi imetofautiana, nendeni mkaape kiapo mbele ya hakimu au wakili kwamba majina hayo ni ya mtu mmoja, na panapohitajika mkafanye hati ya kubadili jina. Mzee akiwa hai huo ni mwendo wa kwenda na kurudi, kwa nauli na ada, naye mwenyewe yupo wa kujieleza. Akishafariki, mnaelezana ninyi mbele ya mtu asiyemjua.

Kwa upande wa undugu, chukua daftari, kaa na nyanya yako mzaa mama, umuulize ukoo wake, wa mama yake, na jina la kaka yake mkubwa. Andika na majina yaliyoanguka kutoka kwenye vile viti vitatu. Andika alivyotamka yeye, hata kama ni N mbili, usimsahihishe.

Wakati naondoka Mbekenyera, mjomba wa marehemu, mzee sana, alikuwa ameitwa atoe ushahidi wa majina yale matatu. Aliyajua yote, na aliyempa kila moja, na mwaka wa mvua gani. Kijana wa nyumba ile alikuwa anaandika upesi, kalamu ikimtoroka. Mzee akamwambia, "Taratibu, mjukuu wangu. Na hili la mama yako andika, ijapokuwa hawakuliuliza."

Tukutane wiki ijayo, panapo majaliwa.